Barua ya wazi kwa baba mdogo: maboksi ya studio yasichomwe

Shikamoo bamdogo.

Nimeona ulichoandika kwenye grupu la familia, kwamba mwezi ujao fundi anaingia chumba cha studio, anavunja ule ukuta wa dakrumu (chumba cha giza cha kusafishia picha), anapiga rangi, chumba anapewa yule kijana wa miamala ya simu, na maboksi yote ya negativu (ile mikanda ya kutolea picha) za mzee, baba yako na babu yetu aliyekuwa mpiga picha, yanaenda kuchomwa kule nyuma kwenye shimo la taka manake yanafuga mende tu. Watu wakaweka dole gumba, wengine wakasema heri chumba kilete hela kuliko kukaa bure. Mimi sikujibu pale. Nimeona niandike kwa urefu, na niandike hapa wazi kila mtu asome, kwasababu jambo hili sio la Korogwe peke yake, nenda mji mdogo wowote nchi hii utakuta studio imefungwa siku nyingi, ina chumba cha nyuma kina maboksi kama yale yale, na kuna mtu mmoja wa familia ameshika funguo na amechoka.

Kupangisha sipingi bamdogo. Najua ada za watoto, najua bati la upande wa barabarani linavuja, na najua wewe ndo uliyebaki pale wakati sisi wote tumekimbilia Dar. Pangisha. Ninachokuomba ni maboksi tu, na lile daftari refu lenye jalada jeusi, alimoandika namba na majina ya waliopigwa, hasa daftari. Ntaeleza kwanini.

Mzee alifungua studio 1964. Kabla ya hapo alikuwa Tanga mjini kwa Mhindi mmoja mwenye studio, akaanza kwa kufagia na kuchota maji ya kusafishia picha, baadae akaruhusiwa kuingia dakrumu, mwisho akawa anapiga mwenyewe. Ndivyo ufundi huu ulivyosambaa pwani yote, kwa Wahindi na Wagoa waliokuwa na studio mijini na vijana waliojifunza mikononi mwao. Hata hao Wahindi wenyewe wengi walianza kwa kuajiriwa, kwa mfano Ranchhod Oza wa Unguja, alifanya kazi kwenye studio ya Gomes kabla ya kufungua ya kwake, Capital Art Studio, mwaka 1930, na mwanae Rohit akairithi. Nenda Mji Mkongwe leo ukaone jinsi picha za baba yake zilivyotunzwa, watu wanatoka mbali kuzitafuta. Ile familia haikuchoma.

Sasa kwanini mzee achague Korogwe na sio Tanga? Mkonge bamdogo. Mwaka 1964 Tanzania ilikuwa inavuna zaidi ya tani 200,000 za mkonge, hakuna nchi duniani iliyokuwa inatupita, na sehemu kubwa ilikuwa inatoka huku kwetu, Magunga, Ngombezi, Mazinde, Hale, mashamba yametuzunguka kila upande. Na mashambani kulikuwa na watu wa kila kabila, Waha wa Kigoma, Wabena, Wanyamwezi, Wamakonde waliovuka kutoka Msumbiji, Warundi, wengi waliletwa miaka ya nyuma na Silabu, ile ofisi ya wenye mashamba iliyokuwa inawafuata vibarua mpaka mikoa ya mbali na kuwapakia kwenye treni. Mtu ameondoka kwao kijana, ana miaka hajarudi, mama yake hajui kama yu hai. Barua anaandikiwa na mwenzake anayejua kusoma, lakini barua yeyote anaweza kuiandika, picha ndo ushahidi kwamba huyu mtoto mzima, ana mikono yote miwili (na pale kwenye mashine za kusaga mkonge mkono kuondoka lilikuwa jambo la kweli kabisa). Kwa hiyo siku ya mshahara mzee alikuwa hapati usingizi, foleni inaanza asubuhi inaishia njiani kuelekea stesheni.

Mimi hizo picha nimeziona. Likizo ile ya mwisho kabla mzee hajafariki alinikalisha akawa ananipa negativu moja moja niiweke juu ya kioo chenye taa chini, afu ananisomea kwenye daftari. Kitu nilichokishika mapema ni koti. Kuna koti moja la kijivu, koti la studio, limevaliwa na watu mamia kwa mamia kwa miaka, mfupi kavaa, mrefu kavaa mikono imeishia katikati. Kifungo cha pili kilidondoka, hakuna aliyejua lini, na kuanzia hapo kila mwanaume kwenye zile picha ameweka mkono wa kulia tumboni, pale pale. Nilidhani ni pozi la zamani. Mzee akacheka akasema hapana, ni mimi nilikuwa nawaambia weka mkono hapa, nafunika palipokosa kifungo. Na alikuwa anakata picha magotini manake viatu wengi hawakuwa navyo, na yeye hakutaka mama wa mtu kule Kasulu aone mwanae hana viatu.

Hebu fikiria bamdogo, kuna mtu Kasulu au Njombe leo hii ana ile picha ukutani, anadhani babu yake alikuwa na koti.

Na kazi iliyokuwa inafanyika usiku ndo ilikuwa kubwa kuliko ya mchana. Wewe ulikuwemo mle ndani, unajua kuliko mimi, ila wajukuu wengine hawajui na wanasoma hapa. Kwenye ile kamera yake ya Yashica ya lenzi mbili mkanda mmoja ulitoa picha kumi na mbili tu, hakuna cha kupiga hovyo hovyo. Mkanda ukisafishwa giza totoro, hata taa nyekundu hairuhusiwi, taa nyekundu ni ya karatasi. Mkanda ukikauka mzee anaivaa ile miwani yake mizito anachonga penseli mpaka inakuwa kama sindano, anaanza kutengeneza nyuso. Mtu ana kovu la ndui au chunusi, kwenye negativu pale panatokea pepesi, panapitisha mwanga mwingi, mzee anapajaza kwa penseli taratibu, vidoti vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona, akija kuitoa kwenye karatasi uso umekuwa laini. Chukua negativu yoyote ya uso wa mtu kwenye lile boksi la bluu, iinamishe kwenye mwanga, utaiona penseli ya baba yako inang'aa. Kwenye picha zilizotoka huioni, ipo kwenye negativu peke yake. Afu ndo karatasi zioshwe maji mengi, na maji Korogwe ilikuwa kazi, bibi na shangazi walikuwa wanachota, manake picha isiyooshwa vizuri baada ya miaka inageuka njano. Zikishaoshwa zinabandikwa kwenye kioo kisafi juani, zikikauka zinabanduka zenyewe ziking'aa.

Hayo yote ni miaka mizuri. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likaja, mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa, na huko duniani kamba za nailoni zilikuwa zimeshaingia na bei ya mkonge inashuka. Mzee hakuwa mtu wa kulaumu, alikuwa anasema tu foleni ilipungua. Waliobaki wakawa ni wenyeji, picha za shule, picha za leseni, harusi, maulidi, kipaimara.

Lakini kipindi kinachonifanya nikuandikie hivi ni kile cha baada ya 1977. Februari ile mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na filamu na karatasi za mzee zilikuwa zinatokea Nairobi. Ikaja vita ya Kagera, fedha za kigeni hakuna, dukani hata sabuni ya kufulia ni foleni, nani ataagiza karatasi za picha? Mzee hakufunga. Mikanda ilipita kwa njia za panya kutoka Mombasa, mkanda mmoja mmoja ndani ya soksi za watu, na hapo ndipo alipoanza kupiga watu wawili kwenye fremu moja. Watu wawili wasiojuana kabisa. Anawakalisha kwenye benchi na nafasi katikati, anapiga mara moja, akitoa karatasi anakata katikati na mkasi, kila mtu anaenda na nusu yake. Kwa hiyo kwenye negativu utaona mwalimu amekaa na muuza samaki kama ndugu, au binti wa shule na mzee wa msikitini. Mtu asiyejua akiikuta ile negativu atasema ni mtu na mkewe, atabuni hadithi nzima. Ukweli upo kwenye daftari, namba moja, majina mawili, kila jina na malipo yake.

Ndo maana nakuambia daftari na negativu visitengane hata siku moja.

Na 1983 uliyaona mwenyewe, msako wa wahujumu uchumi. Watu wanatupa bidhaa mitoni usiku wasikutwe nazo. Mzee alikuwa na maboksi matatu ya karatasi ambayo hayana risiti, na bibi akayafukia ndani ya gunia la mahindi, chini kabisa, mgambo wakaja wakapekua wakaondoka. Yale maboksi ndo yaliyotoa picha za harusi ya baba na mama. Mpaka wa Kenya ulipofunguliwa Novemba ya mwaka huo huo mzee alisafiri mwenyewe kwenda Mombasa, wanasema alirudi na begi zima la filamu na zawadi hakuleta hata moja.

Ruksa ya Rais Mwinyi, biashara kuachiwa, ilipokuja baada ya 1985 vitu vikajaa, na rangi ikaja. Hapo nadhani wewe unaweza kueleza vizuri zaidi, manake ndo miaka yako, wewe na ile kamera begani kwenye kila harusi ya Manundu. Nisemavyo mimi ni hivi, picha za rangi hatukuwa tunasafisha wenyewe, mkanda ulikuwa unapandishwa basi kwenda Tanga kwenye mashine, unarudi na picha pamoja na negativu zake, na mteja anachukua vyote. Kwahiyo kumbukumbu zilizobaki studio ni zile za nyeusi na nyeupe tu, mpaka kama miaka ya 90 mwanzoni hivi, baada ya hapo hakuna kitu. Na ajabu ni kwamba zile za rangi zilizoonekana za kisasa ndo zinazokufa. Rangi zake ni dawa zinazofifia, angalia albamu ya shangazi ya 1994, nyuso zimekuwa nyekundu, gauni limekuwa njano. Ya nyeusi na nyeupe ni fedha, madini yenyewe ya fedha yamekaa kwenye mkanda, ikisafishwa vizuri inakaa zaidi ya umri wa mtu. Mapicha ya mzee ya 1966 yanaonekana kana kwamba yametoka jana.

(Na kwasababu ni fedha kuna watu wanazunguka kununua eksirei na negativu za zamani kwa kilo wakayeyushe. Akija mtu wa hivo kabla yangu, tafadhali mfukuze.)

Mwisho wa studio sihitaji kuurefusha. Wapiga picha wa kutembea, afu simu, Kodak yenyewe, wale watengeneza filamu, ikaomba kulindwa kwa kufilisika Januari 2012, uandikishaji wa wapiga kura wa 2015 ukaja na mashine inayokupiga picha hapo hapo, NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, nao wanakupiga wenyewe. Hata ile paspoti saizi iliyokuwa inalipa umeme ikakatika. Hakuna mtu aliyekosea, wala wewe hukuiua studio ya mzee kama baadhi ya watu wa familia wanavyonong'ona, na mimi nasema hapa mbele ya kila mtu kwamba maneno hayo sio kweli.

Sasa najua hoja yako nyingine, uliniambia kwenye simu. Ulisema zile ni picha za watu, za wake za watu, kuna wanawake mle walipigwa kichwa wazi, mabibi harusi wamepigwa chumbani na bibi akiwa amesimama mlangoni, wengine leo ni mahajati, na kuna mabinti walipiga picha za kumpa mtu ambaye hawakuolewa nae. Bora zichomwe aibu za watu zisije zikatoka. Hii hoja naiheshimu kuliko ya mende na ya kodi, na nimeifikiria sana. Hata Lamu, ambako marehemu Omar Said Bakor alikuwa na studio yake tangu miaka ya 60 na alikuwa fundi wa ajabu wa kukata na kuunganisha picha, jambo la picha za wanawake zionwe na nani ni jambo zito na watu wanalizungumza kwa adabu. Kwahiyo sikuombi nizichukue nikazimwage Instagram. Hapana kabisa. Siwezi kuamka nikamkuta mama wa mtu ana laiki elfu mbili za watu asiowajua. Zile picha ni amana, walimwachia mzee wakaondoka, na amana hairushwi mtandaoni ila haichomwi pia, inarudishwa kwa mwenyewe au kwa watoto wake, na mwenyewe ndo anasema.

Na tusimuuzie mtu kwa jumla. Wanakuja, tena wana heshima na hela mkononi. Seydou Keïta wa Bamako, ambaye leo dunia nzima inamtaja, picha zake zilitundikwa kwenye maonyesho New York mwaka 1991 zimeandikwa mpiga picha hajulikani, na yeye alikuwa hai Bamako kwake! Tunda la maisha yake na jina halipo. Baadae jina likapatikana, na hata hivyo ukaja ugomvi wa negativu zake nani mwenye haki. Mzee wetu sio Keïta, sisemi hivyo, ila ana jina na waliokaa mbele ya kamera yake wana majina, yote yapo kwenye daftari kwa mwandiko wake ule wa kulala.

Ninachotaka kufanya ni hiki. Ntakuja na gari la rafiki yangu, nachukua maboksi yote pamoja na daftari. Kwanza zile zinazonuka siki zinatengwa, ile harufu ni plastiki ya mkanda inaoza kwa joto na unyevu, na ule mvuke unaziambukiza zilizo karibu, hasa zikifungiwa kwenye makopo ya bati yasiyopumua. Zilizobaki zinaingia kwenye bahasha za karatasi, kila moja na namba ya daftari kwa penseli. Afu napiga moja moja kwa kamera juu ya taa nyeupe, kompyuta inageuza nyeusi kuwa nyeupe, nyeupe kuwa nyeusi, inakuwa picha. Itachukua muda mrefu, sina haraka. Picha za mji, stesheni, gulio, daraja, timu za mpira, hizo tunaweza kuwapa nakala Urithi Tanga wale wenye makumbusho kwenye boma la zamani. Za watu tunatafuta wenyewe kimya kimya, tukianza na hapo mtaani kwetu, unajua nyumba zote wewe. Mtu anakuja anaulizwa, unaitaka? Akisema nipeni na negativu niichome mwenyewe, anapewa. Ni yake.

Na hapo ndo nakuhitaji bamdogo, sio funguo tu. Kuna nyuso mle hakuna mwingine aliye hai anayezijua isipokuwa wewe. Daftari linasema "Hamisi, Ngombezi, nakala 3, deni" na Hamisi wa Ngombezi wako wangapi? Wewe ukimuona utasema huyu ni fulani, alikuwa dereva wa trekta, mwanae anauza mbao stendi. Mimi siwezi. Kompyuta haiwezi. Nikikupigia jioni kwa video nikuonyeshe chache chache ukiwa umekaa barazani, nitaandika kila utakachosema.

Kuhusu kodi, nimeongea na baba na shangazi. Kama fundi ameshapewa tarehe, aanze upande wa mbele, dakrumu aiache mwisho. Kama yule kijana anataka chumba chote kwa mara moja, maboksi yahamie kwenye stoo ya shangazi kwa muda, sio juu ya dari chini ya bati, joto la pale litayamaliza kabla ya masika, na sio sakafuni. Tafadhali yasifutwe na kitambaa chenye maji hata kama yana vumbi. Zile dawa za zamani kwenye chupa za kahawia watoto wasiziguse, ziwekeni pembeni, ntajua pa kuzipeleka. Ile pazia ya mlima na ndege, kama panya hawajaimaliza, ikunjwe kwa kuviringisha, isikunjwe mikunjo.

Koti nalo liko wapi? Shangazi anasema lilikwenda na mtu wa nguo za mitumba, bibi mkubwa anasema lipo kwenye sanduku lako. Kama lipo naomba uniambie.

Nisalimie mama mdogo na wadogo zangu. Nimempigia mara ya mwisho simu haikupatikana, ntampigia tena Jumapili baada ya saa kumi, ukiwa karibu naomba tuongee hili kabla hujampa fundi jibu.

Mwanao, Dar.